Nani Nunda? Msimulizi, Panga na Filamu ya Kutisha katika Pwani ya Kilifi

Utangulizi

Wahakiki wetu wameizoea riwaya, tamthilia na ushairi. Filamu, na hasa filamu ya kutisha, wameiacha mlangoni kama mgeni asiye na adabu. Hoja zao zinajulikana: kwamba filamu hizo ni bidhaa za kigeni, kwamba hazina dhamira, na kwamba mwenye kuzitazama hatafuti ila kutishwa. Makala haya yana rai iliyo kinyume. Yanadai kwamba filamu ya kutisha, ikisha kufika Pwani na kupata msimulizi wa Kiswahili, huwa imeingia katika nyumba yenye wenyewe, yaani nyumba ya fasihi simulizi. Tena yanadai kwamba katika Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa panga kwa kushukiwa uchawi, swali la nani anayesimulia utisho, na kwa maneno gani, si swali la burudani peke yake.

Tutaanza ng'ambo, ambako aina hii ya filamu ilizaliwa, kisha turejee kwetu.

Mkaribishaji na mchinjaji

Mwaka 1954 kituo kimoja cha televisheni cha Los Angeles, Marekani, kilimpa Maila Nurmi kazi ya kuwakaribisha watazamaji wa filamu za usiku. Alivaa nguo nyeusi, akajiita Vampira. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems iliviuzia vituo vya televisheni mkusanyo wa filamu 52 za zamani za Universal, na vituo vingi vikatafuta wakaribishaji wao. John Zacherle akatokea Philadelphia, Ernie Anderson akatokea Cleveland mwaka 1963 kwa jina la Ghoulardi, na mwaka 1981 Cassandra Peterson akaanza kuonekana Los Angeles kwa jina la Elvira. Asili ya kazi hii ilikuwa ya kiuchumi: filamu zilikuwa kuukuu na rahisi, nazo zilihitaji mtu wa kuzitia uhai kati ya tangazo moja la biashara na jingine. Lakini mkaribishaji alifanya zaidi ya hayo. Alitisha kwa mavazi yake ya makaburini, kisha akatuliza kwa mzaha wake. Kuwepo kwake kulimwambia mtazamaji kwamba yote hayo ni mchezo, na kwamba yupo mtu mzima chumbani.

Filamu ya mchinjaji ina kanuni nyingine. Katika Halloween ya John Carpenter (1978), filamu iliyotengenezwa nje ya makampuni makubwa kwa dola zipatazo 300,000, na katika zile zilizoifuata, yupo mwuaji mmoja aliyeficha uso, yupo na kisu, na wapo vijana wanaokufa mmoja mmoja. Anayebaki ni msichana, ambaye mhakiki Carol Clover, katika makala yake ya mwaka 1987, alimwita msichana wa mwisho. Hapa hakuna mtu wa kumtuliza mtazamaji.

Kwa hiyo filamu inayomwingiza mchinjaji katika dunia ya wakaribishaji inagonganisha kanuni mbili zisizopatana. Peter Bogdanovich alilijaribu jambo la namna hiyo katika Targets (1968), ambamo mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, anayechezwa na Boris Karloff, anakutana na kijana anayewapiga watu risasi palepale filamu yake inapoonyeshwa. Mzee huyo amekwisha kuona kwamba majini yake ya jukwaani hayamtishi mtu tena, kwa kuwa magazeti yana vitisho vikubwa zaidi. Tom Holland naye, katika Fright Night (1985), anamfanya mkaribishaji mwoga wa televisheni apambane na mnyonya damu wa kweli. Swali la filamu hizi mbili ni moja: yule aliyezoea kusema kwamba huu ni mchezo atasema nini siku mchezo ukigeuka kuwa kweli? Swali hilo linatuhusu sisi wa Pwani kuliko linavyowahusu waliolitunga.

Fanani na mfasiri

Huku Afrika Mashariki mkaribishaji hakuketi mwanzoni na mwishoni mwa filamu. Aliketi juu yake. Katika mabanda ya video ya Uganda alisimama mtu na kipaza sauti akiifasiri filamu inapokwenda. Huko Dar es Salaam kazi hiyo ilimpatia sifa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Huko Kenya sauti ya DJ Afro imesikika katika mabanda, katika matatu na majumbani. Katika filamu ya Nabwana I.G.G. iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe, hata haiwezekani tena kuihakiki kazi ile bila ya kumhakiki yeye.

Kuwaita watu hawa wafasiri tu ni kuwapunja. Mfasiri wa filamu huwapa wahusika majina mapya, huongeza methali na matusi, huruka maneno asiyoyapenda, na hufasiri hata mahali ambapo hakuna aliyesema neno. Yeye ni fanani. Tofauti yake na bibi aliyetamba ngano kando ya moto ni moja, nayo ni kubwa. Bibi aliposema paukwa alingoja kuitikiwa pakawa. Aliwaona wajukuu wake. Zimwi likimliza mtoto, bibi alilipunguza meno. Mfasiri wa bandani aliyesimama mbele ya watu bado aliweza kufanya hivyo. Sauti iliyokwisha kurekodiwa haiwezi: inazungumza na hadhira isiyoiona, na hailijui jambo lililotokea kijijini wiki iliyopita.

Yafaa pia tuyatazame maneno. Kabla kisa hakijakolea mfasiri huwa amekwisha kumgawia kila mtu nafasi yake: huyu ni steringi, yule ni adui. Mtoto wa Malindi anajua kwamba steringi hafi, na kwamba adui hana haki ya kusikilizwa. Katika filamu za mapigano mgawanyo huo hauna madhara makubwa. Katika filamu za kutisha una hatari, kwa kuwa msingi wa utisho wote ni kutojua mwuaji ni nani. Msimulizi anayemtaja adui mapema ameharakisha hukumu, na hadhira iliyozoea hukumu ya haraka haioni upungufu wowote.

Nunda na mama yake kijana

Fasihi simulizi yetu imelishughulikia suala hili kwa namna ya kina kuliko filamu nyingi. Katika mkusanyo wa ngano za Unguja uliochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 imo ngano ya Sultani Majinuni. Paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo, kisha watu. Kila raia wanapokwenda kulalamika sultani anamtetea, kwa kuwa paka ni wake na vinavyoliwa pia ni vyake. Paka anakua hata anakuwa nunda, mla watu, na hatimaye anawala wana wa sultani mwenyewe. Ndipo kijana mmoja aliyebaki, yule aliyekuwa akidharauliwa, anapotoka kwenda kumwinda.

Mpaka hapa tuna kila kiungo cha filamu ya mchinjaji, pamoja na yule wa mwisho anayebaki. Lakini tazama kinachofuata. Kijana anaua mnyama na kumburura mpaka nyumbani akiimba kwa furaha kwamba nunda ameuawa. Mama yake anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Kijana anarudi porini. Anaua mnyama mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, na mama anakanusha tena. Hivyo ndivyo ngano inavyokwenda, mnyama baada ya mnyama, mpaka kijana alipomwona mwenye alama zote alizoelezwa.

Wasomaji wengine wameuona urudiaji huu kuwa mbinu ya kurefusha usiku. Kwangu mimi huo ndio moyo wa ngano. Kijana ana ushujaa, ana silaha, na ana uchungu wa haki kwa ndugu zake waliokufa. Asichokuwa nacho ni hakika. Hakika hiyo iko kwa mzee wa nyumba, mwanamke aliyefiwa na wanawe, ambaye kwa uchungu wake angeweza kuridhika na mzoga wowote, naye anakataa. Ngano inasema kwamba anayeua kwa hasira ataua asiyehusika, na kwamba jamii inahitaji sauti ya kumzuia. Inasema pia kwamba nunda halisi alilelewa na mwenye mamlaka aliyekataa kusikiliza mashtaka.

Mzee mwenye mvi

Sasa tuitazame Kilifi. Kwa miaka mingi wazee wa kaunti hii, wanaume kwa wanawake, wametuhumiwa kuwa atsai, kama Wamijikenda wanavyowaita wachawi, na wengi wameuawa. Mvi zao zimehesabiwa kuwa ushahidi. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma katika eneo la Ganze, ambako waliotishiwa maisha wamepewa hifadhi. Wazee hao mara nyingi hawakukimbia wageni. Walikimbia watoto, wajukuu na wapwa. Nyuma ya tuhuma mara nyingi limeonekana shamba ambalo mzee hajaligawa, au kifo cha kijana ambacho hakuna aliyekieleza.

Sheria ya Uchawi iliyotungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1925 haikumlenga anayejidai kuwa mchawi peke yake. Ilimhesabu pia kuwa mkosaji yule anayemtuhumu mwenzake. Lakini sheria hungoja ushahidi, na panga halingoji.

Hatudai kwamba filamu zilileta mauaji haya. Hofu ya uchawi ni kongwe kuliko umeme, na tamaa ya ardhi haikufunzwa na televisheni. Wala hofu ya Pwani haikuelekea kwa wazee sikuzote. Neno mumiani, lililomo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, lilibeba hofu ya watu wanaowindwa kwa ajili ya damu yao, na katika visa vya enzi ya ukoloni mshukiwa alikuwa mgeni mwenye vifaa na magari, pengine mtumishi wa serikali. Hofu ile ilikuwa na makosa yake, lakini ilimtazama mwenye nguvu. Hofu ya mtsai inamtazama mnyonge wa boma, ambaye hawezi hata kukimbia.

Hapo ndipo filamu inapoingia. Filamu nyingi za uchawi zilizotengenezwa Nigeria na Tanzania zimemzoesha mtazamaji sura moja ya mchawi: mzee, maskini, aishiye peke yake. Muziki unamtangaza kabla hajasema neno, na msimulizi anamwita adui. Katika filamu ya mchinjaji mwuaji huvaa barakoa. Katika masimulizi haya mzee anavishwa barakoa akiwa hai, nayo ni mvi zake mwenyewe. Tena mambo yamepinduka: katika filamu za Marekani vijana wanawindwa na mwuaji mwenye kisu, huku vijana ndio wenye panga, nao wanajiona kuwa ni masteringi.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzipiga marufuku filamu hizi. Rai hiyo haina nguvu. Marufuku itaigusa filamu, haitaigusa sauti, na sauti ndiyo inayogawa majina. Kazi iliyo mbele ya idara zetu ni kuirekodi na kuihakiki sauti hiyo kwa makini yaleyale tunayowapa malenga: nani ameitwa adui, kwa maneno gani, na hadhira imeitikia vipi. Wanafunzi wetu wa Malindi, Ganze na Kaloleni wanaweza kuianza kazi hiyo likizo ijayo, kwa kuwa wanakijua Kigiryama na Kiswahili na wanawajua wanaosikiliza.

Kazi ya pili ni ya watunzi. Filamu ya kutisha ya Kilifi bado inangoja mtu wa kuitengeneza kwa fedha kidogo na kwa ujasiri mwingi, nayo haitahitaji zimwi. Itaanza usiku, ndani ya nyumba ya udongo, na kamera itakaa kwa bibi kizee aliyeamshwa na vishindo vya miguu nje. Yeye ndiye atakayekuwa msichana wa mwisho. Anazisikia sauti zinazonong'ona ukutani, na anaitambua kila moja, kwa kuwa wenye sauti hizo aliwapokea yeye siku walipozaliwa. Msimulizi wa filamu hiyo atakuwa na neno moja tu la kuwaambia wale walio nje, neno ambalo mama wa ngano alilirudia bila kuchoka kila mwanawe alipomletea mzoga usiokuwa wenyewe.