Penseli Mbele ya Mtungi

Mtungi wa Magdalene Odundo haumpi mchoraji pa kuanzia. Hauna nakshi, hauna mkono wa kushikia, hauna pembe. Tumbo linapanda hadi likawa bega, bega linajikusanya likawa shingo, shingo inafunguka ikawa mdomo, na kila jicho linapotaka kutua linateleza. Mama niliyemkuta ameketi mbele ya mmojawapo alilijua hilo vizuri, ndiyo maana penseli zake zilikuwa bado mkebeni. Alikuwa anatazama tu.

Hapo ni The Hepworth Wakefield, jumba la sanaa la kaskazini mwa Uingereza, majira ya kuchipua ya mwaka 2019. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 2011 kando ya mto Calder, na msanifu wake ni David Chipperfield. Mwaka 2019 lilikusanya zaidi ya vyombo 50 vya Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, likavipanga pamoja na vitu vya nyakati na nchi mbalimbali alivyovichagua mwenyewe. Mama alikuwa mzaliwa wa Mombasa, muuguzi mstaafu, na Yorkshire ndiko alikofanyia kazi miaka mingi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye mtungi.

“Kaa, mwanangu,” akasema. “Lakini usinisemeshe mpaka nimalize ukingo.”

Nikakaa. Vifaa vyake vilitosha kwenye mkoba mdogo: kigoda cha kukunja, kitabu cha michoro chenye jalada gumu, penseli nne, kifutio laini kinachofinyangika kwa vidole, na kichongeo chenye kifuniko ili vumbi lisidondoke sakafuni. Wino haukuwamo, wala makaa, wala rangi za maji. Majumba mengi ya sanaa humruhusu mgeni penseli peke yake, kwa kuwa tone moja la wino likiruka halifutiki kwenye kazi ya mtu. Penseli zake zilipangwa kwa ugumu: 2H, HB, 2B na 6B. Ile ya kwanza huacha mstari mwembamba, hafifu. Ya mwisho ni laini na nyeusi tii.

Tofauti hiyo inatokana na udongo. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na kukosa grafiti nzuri ya kutoka huko, Nicolas-Jacques Conté alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, akaumba vijiti, akavichoma tanuruni. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu. Grafiti ikizidi, inakuwa laini. Kwa hiyo kilichokuwa mkononi mwa mama na kilichokuwa mbele yake vyote viwili ni udongo uliopitia moto.

Alipochomoa penseli hatimaye, hakuchora. Alinyoosha mkono mpaka kiwiko kikakaza, akafumba jicho moja, akaweka ncha ya penseli sawa na upande mmoja wa mdomo wa mtungi na ukucha wa kidole gumba sawa na upande wa pili. Kipimo hicho akakishusha polepole, hatua kwa hatua, mpaka kitakoni. Upana wa mdomo uliingia mara tatu katika urefu wote, na ukabaki kidogo. Akakirudia. Kisha akapima tumbo, na urefu wa shingo. Kila kipimo alikihamishia kwenye karatasi kwa nukta ya 2H isiyoonekana ila ukiinama karibu. Baada ya muda karatasi ilikuwa na nukta saba na mstari mmoja wa wima, na mtungi mzima ulikuwa umekwisha kupata mahali pake kabla ya kuchorwa.

Ndipo ukaja ukingo. Alianzia chini ya mdomo, upande wa kushoto, na penseli ikatembea kwa mwendo uleule wa jicho lake. Hilo ndilo jambo la kustaajabia katika kazi hii. Mtu asiyezoea hutupia kitu jicho mara moja kisha akainamia karatasi kwa muda mrefu, na anachochora ni mtungi anaoukumbuka, mtungi wa kawaida, ambao haupo popote chumbani. Mama alifanya kinyume chake. Macho yake yalikaa kwenye mtungi, yakashuka karatasini kwa nukta moja ya muda kuhakikisha mkono haujapotea, yakarudi. Mstari ulikwenda taratibu kiasi cha kuisikia penseli ikiparuza karatasi. Shingo ilipokutana na bega akasimama, akavuta pumzi, akautazama tena mpindo ule kabla ya kuushuka.

Upande wa kulia ulimpa kazi zaidi. Ukitazama haraka utadhani pande zote mbili zinalingana, ukashawishika kunakili wa kushoto na kuugeuza. Lakini Odundo hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huinua chombo kwa mikono, akiongeza udongo pindi juu ya pindi, mbinu aliyojifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja, Nigeria, miaka ya 1970, mahali alipofanya kazi mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali. Kisha hukikwangua, hukipaka udongo mwororo na kukisugua mpaka king'ae. Mkono wa binadamu ukipanda namna hiyo haurudii njia ileile pande zote. Bega la kulia lilikuwa chini kidogo ya la kushoto, na shingo iliegemea upande kwa kiasi ambacho huwezi kukitaja lakini ukikikosa mtungi unakufa. Mama alikipata kwa njia ya kuzunguka: aliacha kuutazama mtungi, akatazama ule uwazi uliobaki kati ya shingo na bega na ukuta mweupe wa nyuma, akauchora huo. Uwazi ulipokaa sawa, bega likawa limekaa sawa lenyewe.

Watu walipita nyuma yetu. Utafiti uliofanywa katika jumba la Metropolitan la New York na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba mgeni husimama mbele ya kazi moja ya sanaa kwa wastani wa sekunde 27 hivi. Hawatendi kosa, jumba ni kubwa na muda ni mchache. Lakini penseli humpa mtu sababu ya kubaki. Humtaka jicho lake kila dakika, na kichwa kilichoshughulishwa namna hiyo hakipati nafasi ya kurudia hesabu za jana na hofu za kesho.

Ukingo ulipokamilika mama aliniruhusu kuuliza. Alianza kuchora baada ya kustaafu, akaniambia, kwa sababu zamu za usiku zilikuwa zimemwachia mazoea ya kulala huku kichwa kikizunguka wodini. “Nikichora, wodi inanyamaza,” alisema. Ilimpendeza kwamba tiba ya sanaa ilipata jina lake hospitalini: mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeugua kifua kikuu na kulazwa mwaka 1938, alijiliwaza kwa kuchora, akawavuta na wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina. Vipimo vya baadaye vinaelekea upande huohuo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Philadelphia, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika picha, wakapima mate yao kabla na baada. Kwa takribani robo tatu yao, kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa na dhiki, ilishuka. Waliozoea sanaa hawakufaidika kuliko wasioizoea. Mama angeweza kuwaambia hivyo kwa kujitazama mwenyewe: mabega yaliyokuwa yamepanda alipokuwa anapima yalikuwa yameshuka, na pumzi zake zilikuwa ndefu.

Ilibaki kazi ya mwanga na kiza. Vyombo vya Odundo vikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya kutu. Vikichomwa tena penye upungufu wa oksijeni hugeuka vyeusi, na huu ulikuwa mweusi. Kuchora cheusi kinachong'aa ni mtihani, maana mweusi wake umejaa mwanga. Mama alifumba macho nusu, mpaka vitu vidogo vikapotea vikabaki vipande vikubwa vya mwanga na kivuli. Sehemu inayong'aa zaidi, begani, hakuigusa kabisa. Weupe wa karatasi ndio uliokuwa mng'ao. Kisha kwa 2B akaweka mistari iliyosongamana, kila mmoja ukipinda kufuata mviringo wa tumbo, tabaka juu ya tabaka, bila kukandamiza. 6B aliiweka mwisho na kwa uchache, ndani ya mdomo na chini ya bega.

Nilitarajia kiza kizito kabisa kiwe kwenye ukingo wa nje. Haikuwa hivyo. Ukingoni palikuwa na utepe mwembamba wa mwanga, uliotoka kwenye meza nyeupe na kurudi tumboni mwa mtungi, na kiza kikuu kilikuwa ndani yake kidogo. Mama alifinyanga kifutio mpaka kikawa na ncha, akakigusisha ukingoni na kukiinua, akakigusisha na kukiinua, hakusugua. Grafiti ikanyanyuka kidogo kidogo. Tumbo la mtungi, lililokuwa bapa dakika moja iliyopita, likazunguka likaenda nyuma ya karatasi.

Hakumaliza kila kitu. Kitako alikiacha kwa mistari mitatu, akaandika tarehe pembeni, akafunua ukurasa mpya. Akahamisha kigoda robo ya duara, kwa kuwa kutoka huko shingo iliegemea kwingine, akanyoosha mkono na kuanza kupima upya. Nilimwuliza kama mchoro wa kwanza haukumtosha. Akasema ule wa kwanza ulimfundisha kuuona mtungi, na sasa ndipo anaweza kuuchora.

Kazi hii haitaki kipaji cha kuzaliwa nacho ili ianze kumfaa mtu. Inataka kitu kimoja kilichotengenezwa kwa uangalifu, kigoda, penseli ya bei ndogo, na idhini ya mlinzi wa chumba, ambayo huombwa mlangoni. Wakaazi wa Dar es Salaam wana Nafasi Art Space pale Mikocheni, na wa Nairobi wana taasisi ya sanaa ya kisasa ya NCAI. Nenda siku isiyo na msongamano, uchague kazi moja tu, uipime kabla ya kuichora, na usihesabu mchoro wa kwanza.