Mumiani si Dracula
Riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ilichapishwa mwaka 1897, reli ya Uganda ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara. Sultan Hamud, mji wa reli hiyo, una jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala 1896–1902. Kwa Stoker, mnyonya damu ni mgeni anayeivamia London, kitovu cha dola. Katika masimulizi yetu ya enzi ya ukoloni, ni mtumishi wa dola hiyo: mzimamoto mwenye sare, gari na mshahara. Neno mumiani, lililotaja dawa, likaja kumtaja mchukua damu. Dracula huuma kwa kiu. Mumiani hufanya kazi ya kulipwa. Kumwita “Dracula wa Kiafrika” ni kuifuta taashira yake: damu iliyogeuzwa bidhaa.