Hukumu Kabla ya Tendo: Maadili na Vita Vitakatifu katika Wrath of the Righteous

Katika uhakiki tumezoea kuuliza mhusika ametenda nini kabla ya kusema yeye ni mtu wa namna gani. Makala haya yanachunguza sanaa iliyoupindua utaratibu huo, yaani mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo wachezaji hujitungia hadithi kwa kufuata kanuni na kurusha dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hapo mwanzo mhusika aliwekwa katika upande mmoja kati ya pande tatu: Sheria, Vurugu, au katikati ya hizo mbili. Kufikia kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, wema na uovu vilikuwa vimeongezwa, na pande zimekuwa tisa.

Mfano unaofaa kupimwa ni Wrath of the Righteous, mfululizo wa vitabu sita uliochapishwa na Paizo kuanzia mwaka 2013, kisha ukafanywa mchezo wa kompyuta na Owlcat Games mwaka 2021. Kisa chake ni vita vitakatifu. Ardhi imepasuka, mashetani wanamiminika duniani, na waumini wa Iomedae, mungu wa kike wa haki na ushujaa, wamepigana nao kwa karibu karne nzima. Katika mchezo wa kompyuta, Malkia Galfrey humkabidhi mchezaji uongozi wa vita vya tano.

Mwenye kuutetea mpango wa pande atasema kwamba katika ulimwengu huo uovu si maoni ya mtu. Mashetani wameumbika kutokana na roho za waovu waliokufa, na uko uganga wa kumtambulisha mwovu papo hapo. Hoja hii ina uzito, kwani haifai kuulaumu ulimwengu wa kubuni kwa kuwa na kanuni zake. Lakini kanuni hizo hizo huwahusu wanadamu pia, na hapo ndipo tatizo linapozuka.

Watunzi wenyewe wanatupa ushahidi. Vita vya tatu, katika historia waliyoibuni, viligeuka kuwa msako wa wachawi, na askari wa haki wakawachoma moto watu wasio na hatia. Mabaki ya zama hizo ni Hulrun, mkuu wa dini katika mji wa Kenabres, ambaye katika mchezo wa mwaka 2021 anawawinda wafuasi wa Desna, ingawa mungu huyo naye ni wa upande wa wema. Hulrun anajua kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kosa lake ni kuichoma nguo pamoja na aliyeivaa. Kwa upande mwingine yuko Arueshalae, shetani wa kike aliyeishi kwa kuwatongoza na kuwaangamiza watu, ambaye baada ya kuguswa na Desna anajitahidi kuuacha uovu. Ikiwa shetani aweza kutubu na mtumishi wa haki aweza kuua wasio na hatia, basi chapa ya upande haiwezi kuwa hukumu ya mwisho. Hapa kisa kimezishinda kanuni zake, na hapa ndipo kilipo na nguvu zaidi.

Kwa bahati mbaya fani inayavunja maudhui hayo. Katika mchezo wa kompyuta majibu mengi anayoweza kutoa mchezaji yameandikiwa upande wake: hili la wema, hili la uovu, hili la sheria. Mchezaji hana haja ya kuipima hali iliyo mbele yake; asome chapa tu. Naye paladini, shujaa aliyeapa kutumikia haki, hupoteza uwezo wake akitoka katika upande wa sheria na wema. Kwa hiyo anachokilinda ni uwezo, na wema unageuka kuwa mshahara.

Tulinganishe na Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, utungo wa mwaka 1728. Huo nao ni utungo wa vita vya dini, na haufichi upande wake. Hata hivyo, upanga unatanguliwa na barua: Herekali anaitwa katika imani, naye anakataa. Adui ameulizwa, na upande wake umetokana na jibu lake.

Mwaka 2023 Paizo waliziondoa pande tisa katika kanuni zao. Wakabakiza alama ya utakatifu na kinyume chake, ambayo makuhani na mashujaa huweza kuipokea kwa kumtumikia mungu wao. Hiyo ni hatua njema, kwa kuwa upande sasa umekaribia kuwa kiapo. Lakini kiapo nacho hakimtakasi aliyeapa. Hulrun naye alikuwa mtumishi wa haki, na waliochomwa hawakuulizwa neno.