Saa Moja ya Kimea

Wengi wanaojifunza kupika bia nyumbani kule Marekani na Uingereza huanza na kopo. Ndani yake mna rojo nzito yenye rangi ya asali. Hiyo ni kimea cha shayiri ambacho kiwanda kimeshakiloweka, kimeshatoa utamu wake na kuvukiza maji mpaka yakabaki kidogo sana. Ipo pia ya unga, iliyokaushwa kabisa. Mpishi huyeyusha kilo 3 hivi katika maji ya kutosha lita 20 za bia, akachemsha kwa saa moja pamoja na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kisha hupoza, hutia hamira, na baada ya majuma kadhaa ana bia. Tena bia nzuri. Nalisema hili mapema kwa kuwa baadhi ya waliohamia kwenye nafaka hupenda kuwacheka wenzao wa makopo, na kicheko hicho hakina msingi. Hopsi ni zilezile, hamira ni ileile, na usafi wa vyombo, ambao ndio huponya au huua bia nyingi za nyumbani, hauulizi utamu ulitoka wapi.

Ila ipo saa moja ambayo mtu wa kopo haioni, kwa sababu kiwanda kiliimaliza kabla yake. Ni saa ambayo wanga hugeuka kuwa sukari. Anayehama kutoka rojo kwenda nafaka tupu huhama kwa ajili ya saa hiyo, hata kama mwenyewe atakuambia kwamba anafuata bei nafuu.

Kwa Waingereza njia ilifunguka mwaka 1963, serikali ilipofuta leseni iliyotakiwa kwa mtu kupika bia ya kunywa nyumbani. Marekani ilichelewa: Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuruhusu jambo hilo Oktoba 1978. Vitabu navyo vikaja. Dave Line alichapisha The Big Book of Brewing Uingereza mwaka 1974, akiwaonyesha watu wa kawaida kwamba kimea kinaweza kulowekwa jikoni kwao. Miaka kumi baadaye Charlie Papazian, Mmarekani aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, akatoa The Complete Joy of Homebrewing, kitabu kinachomwanzisha msomaji na kopo na kumsogeza hatua kwa hatua hadi kwenye nafaka.

Sasa tuingie ndani ya ile saa. Kimea ni nafaka iliyoloweshwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa kabla mche haujala akiba yake. Punje inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili mche upate chakula. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walikitoa kitu hicho ndani ya kimea na kukiita diastezi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza kuwahi kutengwa na wanasayansi. Leo tunajua kwamba wafanyakazi wakuu ni wawili. Alfa-amilesi hukata minyororo ya wanga popote inapoishika, katikati au pembeni. Beta-amilesi huanzia nchani na kumega kipande kidogo kidogo cha sukari ambayo hamira huila yote. Beta hupenda nyuzijoto 60 hadi 65, na joto likizidi hapo hudhoofika haraka. Alfa huvumilia zaidi, na hupata nguvu kwenye 70 hivi.

Kwa hiyo mpishi anayeshikilia uji wake wa kimea na maji kwenye nyuzi 64 atapata bia kavu, nyepesi mdomoni, kwa kuwa karibu utamu wote utaliwa na hamira. Akishikilia 69, vipande vikubwa vya wanga visivyolika vitabaki, na bia itakuwa nzito na laini. Ni kimea kilekile, maji yaleyale, muda uleule. Tofauti ni nyuzi 5 tu, ambazo mkono hauwezi kuzipima. Mtu wa kopo hana pa kuligusa jambo hili, maana kiwanda kimeshamwamulia. Mimi hapa ndipo naona ufundi wenyewe ulipo, kuliko hata kwenye hopsi ambazo wapishi wa siku hizi huzipigia kelele sana.

Msomaji aliyewahi kukaa Songea au popote togwa inapotengenezwa hahitaji kuelezwa sana. Uji mzito hupikwa, huachwa upoe kiasi, kisha hutiwa kimea cha ulezi na kukorogwa. Baada ya muda uji uliokuwa unaushika mwiko hulegea, na utamu huja bila kijiko cha sukari. Mtengenezaji hana kipimajoto, lakini anajua kwamba akitia kimea uji ukiwa bado unatokota, kimea hakitafanya kitu. Vimeng'enya ni vilevile. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe Tanzania waliutumia ujuzi huo kwa watoto: kimea kidogo katika uji mzito huufanya uwe mwepesi kunyweka bila kuongeza maji, hivyo tumbo dogo hupata chakula kingi zaidi. Shayiri inatofautiana kidogo tu. Wanga wake hulegea kwenye joto lililo karibu na lile vimeng'enya vinapofanyia kazi, kwa hiyo hauhitaji kuchemshwa kwanza kama uji wa mahindi.

Wapishi wa London nao walifanya kazi bila kipimajoto hadi karne ya 18. Walichemsha maji, wakayaacha mpaka mvuke upungue na mtu aweze kuuona uso wake juu ya maji, ndipo wakatia kimea. Bohemia na Bavaria walikuwa na mbinu nyingine: kuchota sehemu ya uji, kuichemsha pembeni, na kuirudisha, ili joto la chungu chote lipande kwa kiasi kile kile kila mara. Kipimajoto kilipoingia, mpishi wa London Michael Combrune alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika juu ya matumizi yake katika bia.

Kwa mpishi wa leo kazi huanza na kusaga, na kusaga huko ni kwa hila. Punje ipasuke ili wanga ufikike, lakini ganda libaki zima, kwa sababu maganda ndiyo yatakayokuwa chujio baadaye. Kwa lita 20 za bia ya kawaida huenda kilo 4.5 hivi za kimea. Maji, lita 2.5 mpaka 3 kwa kila kilo, hupashwa hadi nyuzi 73 au karibu na hapo, maana kimea baridi kitayashusha hadi 66 au 67. Hukorogwa mpaka madonge yaishe, kisha hufunikwa. Chombo kinachopendwa ni lile kasha la plastiki ambalo familia za Marekani hubebea barafu na vinywaji. Lililotengenezwa kutunza baridi hutunza joto pia, na kwa saa nzima hupoteza nyuzi moja au mbili tu.

Halafu mtu hungoja. Mwenye wasiwasi huchota matone machache kwenye kisahani cheupe na kudondosha iodini. Ikigeuka buluu iliyokolea, wanga bado upo. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, kazi imekwisha.

Kuchuja ndiko kunakompima mtu. Maji ya kwanza hutoka na ukungu na vipande vya maganda, kwa hiyo hurudishwa juu taratibu, tena na tena, mpaka tabaka la maganda litulie na maji yatoke angavu. Baadaye hupitishwa maji mengine ya moto, yasiyozidi nyuzi 77 hivi, kuosha utamu uliobaki. Anayefungua bomba kwa pupa hulikandamiza tabaka lote chini, na hapo hakitoki kitu. Itabidi akoroge na kuanza kuchuja upya. Wazoefu huliacha litiririke jembamba kama uzi na kwenda kuandaa hopsi zao.

Maji yenyewe ni somo. Kwenye kopo madini yameshaingia pamoja na rojo, lakini kwenye nafaka uji unataka pH ya 5.2 hadi 5.6, na maji ya bomba hayafiki hapo kila mara. Miji ya zamani ilijibu kila mmoja kwa bia yake. Plzeň ina maji yasiyo na madini mengi, ikapata bia ya dhahabu. Burton upon Trent ina maji yenye jasi, ikawa mji wa bia chungu za rangi nyepesi. Dublin ina maji ya chokaa, na kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi kikaleta tindikali ya kuyasawazisha.

Siku hizi zipo mashine za umeme zenye pampu, zinazoshikilia joto zenyewe na kupiga kengele muda ukifika. Zinafanya kazi vizuri, ila kwa macho yangu zinamnyang'anya mtu tena ile saa aliyoifuata. Napenda zaidi njia iliyoenezwa na Waaustralia ya kuloweka kimea ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, katika sufuria moja, kisha kuunyanyua na kuuacha ujichuje. Gharama ni ndogo, vyombo vya kuosha ni vichache, na joto bado liko mikononi mwa mpishi.

Machicha huenda kwa kuku, au huchanganywa kwenye mkate. Na kabatini mwa karibu kila mpishi wa nafaka, hata yule mwenye majivuno, utakuta mfuko wa rojo iliyokaushwa. Siku moja au mbili kabla ya kupika huyeyusha gramu 100 hivi katika lita moja ya maji, akachemsha, akapoza, akatia hamira ipate kuamka na kuongezeka. Kwa kazi hiyo ndogo hakuna anayehangaika kuloweka kimea.