Maoni Machache juu ya "Kusoma Tu"

Maneno "kusoma tu" yamekwisha kuzoeleka katika programu zilizotiwa Kiswahili, nasi huyapokea bila ya kuyapima. Naona yana kasoro, nayo si ya sarufi peke yake.

Katika Swing, fungu la zana za Java za kujengea madirisha ya kompyuta ya mezani, mtunzi wa programu ana amri mbili. Akiikanusha setEditable, kisanduku cha maandishi hakipokei tena herufi za mtumiaji; lakini mtumiaji aweza bado kuyachagua maandishi yaliyomo na kuyanakili. Akiikanusha setEnabled, maandishi yafifia rangi, kisanduku hakifikiwi kwa kibodi, wala kilichomo hakichaguliki. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na wapo watunzi wayachanganyao. Katika ofisi moja ya mitihani nalikuta nambari za watahiniwa zimewekwa katika visanduku vya namna ya pili. Ilinibidi kuzinukuu kwa mkono; nikakosea tarakimu moja, na alama za mwanafunzi mmoja zikamwendea mwingine kwa muda wa siku tatu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Tu" laondoa kila tendo ila kusoma, kumbe kunakili kungali kumeruhusiwa. Tena halisemi ni nani aliyezuiwa. Maana programu yenyewe yaendelea kuandika humo humo, kama jumla ya ankara ibadilikavyo kila bei ibadilikapo.

Mtu aweza kupendekeza "kisichoandikika". Nalikubali kwa shingo upande. Kiambishi -ik- chaeleza hali ya kitu chenyewe, pasipo mtenda, kama tusemapo kikombe chavunjika. Hali katazo hili lina mwenye kukataza, naye aweza kuliondoa wakati wowote. "Kisichohaririwa" nalo lina -w- ya mtendwa, lakini msomaji wa haraka atadhani ni kisanduku ambacho hakuna aliyekigusa.

Mimi ningesema "kilichozuiwa kuandikwa". Ni refu, nakiri, na skrini haipendi marefu. Walakini lataja tendo lililokatazwa, halikatazi jingine, na -w- yake yaonyesha kwamba yuko aliyezuia. Kwa kisanduku cha namna ya pili sina shaka: "kilichozimwa" chatosha.