Baruti ya Cousteau, Samaki wa Lushoto

Kuna dakika chache katika filamu ya Le Monde du silence, yaani Ulimwengu wa Kimya, ambazo mtu aliyekulia Mkoa wa Tanga hawezi kuzitazama kwa jicho la Mfaransa. Wapiga mbizi wa Jacques Cousteau wanafika kwenye mwamba wa matumbawe, wanatega baruti, wanalipua. Maji yanaruka juu. Kisha wanaokota samaki waliokufa, wanawapanga mchangani na kuwachambua. Msimulizi anaeleza kwa utulivu kwamba hiyo ni sayansi, namna ya kuhesabu kila aina ya samaki iliyopo pale.

Kwetu kitendo hicho kinaitwa uvuvi wa mabomu. Kinakatazwa na sheria, na anayekamatwa hupelekwa mahakamani.

Filamu hii, ambayo Cousteau aliiongoza pamoja na Louis Malle, kijana wa miaka ishirini na kitu, ilishinda Palme d'Or kule Cannes mwaka 1956, kisha ikapata Oscar. Sisemi haikustahili. Ile picha ya wapiga mbizi wakishuka kwenye buluu na mienge ya moto mikononi nimeitazama nikiwa Lushoto, kwenye kompyuta, ukungu umefunika msitu wa Magamba, na bado nilijikuta nimebana pumzi. Lawama yangu iko kwingine: filamu inajua sana kumtazama samaki, lakini haina habari na anakokwenda.

Kitabu chenye jina hilohilo, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1953, kina kisa cha Frédéric Dumas, mwenzake Cousteau, aliyeweka dau kwamba kwa saa mbili atachoma kwa mkuki samaki wa pauni 220, yaani kilo 100 hivi, akitumia pumzi yake tu. Akashinda. Ni kisa kitamu, na ukikisoma unamshangilia. Ila Kiswahili kinanivuta shati. Kwetu dau ni mali unayoiweka kwenye bahati, na dau ni chombo cha baharini. Kwa Dumas maana ya kwanza ilitosha. Kwa mvuvi wa Tanga maana zote mbili hukutana kila alfajiri, na akishindwa, watoto hawali.

Samaki wa Tanga hupanda mpaka kwetu kwa basi, wakipita Segera na Korogwe, halafu kona za Mombo na Soni. Wahakiki wao ni akina mama wa sokoni. Siku moja nilinyoosha mkono kuchukua changu, mama akanizuia: "Huyo muache, mwanangu. Huyo kapigwa." Akambonyeza kwa kidole gumba, nyama ikabonyea isirudi. Samaki wa bomu mifupa huvunjika ndani, damu huvilia, na huoza upesi. Mama yule hajawahi kupiga mbizi, lakini alikuwa amesoma mlipuko wa baharini kwenye ngozi ya samaki, mlimani, mita zaidi ya elfu moja juu ya maji. Usomaji wa namna hiyo sikuuona popote katika filamu.

Huruma imo, ila inagawiwa kwa upendeleo. Kwenye kisiwa cha Assumption, Ushelisheli, katika bahari hii hii yetu, mabaharia wanafanya urafiki na chewa mmoja mkubwa. Wanampa jina, Jojo. Wanamlisha, wanacheza naye, na anapozidi usumbufu wanamfungia kwenye kizimba kwa muda. Sisi watazamaji tunacheka. Waliolipuliwa hawana jina, kwa hiyo wanakuwa idadi tu. Na ndivyo inavyokuwa kwa watu: mwenye jina na kamera ni mvumbuzi, kijana wa pwani mwenye chupa ya baruti ni mhalifu asiye na historia.

Simtetei kijana huyo. Matumbawe aliyoyavunja hayatarudi kwa miaka mingi, na wapo waliopoteza viganja kwa bomu lililowahi kulipuka. Pwani hiyo ina silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, na tangu mwaka 2009 ina hifadhi ya bahari yenye jina lake. Ninachokataa ni mizani miwili kwa baruti moja.

Cousteau mwenyewe alibadilika. Baadaye alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa bahari, na mwaka 1973 akaanzisha jumuiya kwa kazi hiyo. Baadhi ya wapenzi wake wangependa tukio la mlipuko likatwe. Mimi nasema libaki. Ndipo mahali pekee filamu inapolingana na maisha ya Tanga, na kijana wa sekondari wa Lushoto akiliona atakuwa na swali ambalo msimulizi hakulitarajia: hawa mbona hawakukamatwa?