Kibakuli cha Chumvi Walichokiruka

Mstari ambao Lily Briscoe anauchora katikati ya turubai mwishoni mwa To the Lighthouse hauna deni kwa mama yeyote. Ile tafsiri inayorudiwa kila mara uchanganuzi nafsi unapoigusa riwaya hii ya Virginia Woolf ya mwaka 1927 inamgeuza Lily kuwa binti wa Bi Ramsay: mama kafa, binti anaomboleza, brashi inamrudisha marehemu. Nadhifu mno. Wanaoisema wameruka meza ya chakula, na wamemruka Bi Ramsay akiwa hai, anapakua nyama.

Rudini sura ya 17 ya sehemu ya kwanza. Charles Tansley, bingwa wa kutamka kwamba wanawake hawawezi kuchora wala kuandika, amekaa mbele ya Lily akinuna. Ghafla Lily anakumbuka kwamba ana kazi yake. Anaiona picha: mti usogezwe katikati zaidi, na lile pengo linalomkera litakwisha. Anainua kibakuli cha chumvi, anakiweka juu ya ua la kitambaa cha meza, asije akasahau. Baadaye, wageni wenzake Paul na Minta wameshachumbiana na meza nzima imechangamka, jicho lake linaiangukia tena chumvi ile na anapumua: halazimiki kuolewa, atausogeza mti.

Miaka kumi inapita. Lily anajitajia kifo cha Bi Ramsay na hasikii kitu. Kinachomwamsha ni nakshi ya kitambaa kile na tatizo la picha ambayo hakuimaliza. Maombolezo yanakuja, ndiyo, na machozi pia, lakini yanaikuta kazi imeshaanza. Tena mti ule ulikuwa njia ya kumkwepa Bi Ramsay mwenyewe, aliyekuwa mezani hapohapo akipanga kumwoza kwa mgeni mwingine, William Bankes. Na huyu anayeitwa binti ana baba yake London, ambaye yeye Lily humtunzia nyumba karibu na Brompton Road. Baba huyo hawamtaji.

Kwa haki, pale Lily anapokilaza kichwa magotini pa Bi Ramsay wamepasoma vizuri. Elizabeth Abel naye, 1989, alifanya kazi safi kumsoma James, mwana wa Bi Ramsay, kwa Freud na Lily kwa Melanie Klein.

Ila Freud mwenyewe asingeiruka chumvi. Kitabu chake cha 1901 kilijaa ndimi zilizoteleza na vitu vilivyowekwa pasipo pake; mkono unaohamisha kibakuli huku mdomo ukilazimika kumbembeleza Tansley ungemshughulisha jioni nzima. Mhakiki Erich Auerbach, mkimbizi mjini Istanbul, maktaba haimtoshi, aliifungua riwaya hiihii kwa soksi inayopimwa kwenye mguu wa James, akaifuata sentensi kwa sentensi. Kitabu chake, Mimesis, kilitoka 1946. Subira ile siioni siku hizi.

Siku hizi ni wale wanaoona uume katika kila kilichosimama; mnara wa taa nao haukupona. Woolf alimwandikia rafiki yake Roger Fry mwaka huohuo wa 1927 kwamba hakukusudia maana yoyote kwa mnara huo. Alihitaji mstari katikati ya kitabu wa kuushikilia mpangilio wake. Barua hiyo wanaipuuza, eti mwandishi hajijui. Lakini alipoandika baadaye kwamba riwaya hii ilimtua mzigo wa mama yake, aliyefariki 1895, hapo wanamwamini neno kwa neno.